Marinda ya Waya

Jumatatu, 14 Machi 1977. Ruring'u, Nyeri.

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya wateja wangu wa cherehani. Wateja wamebaki kule kota, sisi tumehamia huku, kwa hiyo nitaandika mengine. Moffat alistaafu kazi ya simu mwezi uliopita, na nyumba ya serikali haikai na mtu asiye na kazi ya serikali.

Tuna vyumba viwili, jiko la nje, kibanda cha kuku, na ua ambao ukirusha kijiko kutoka mlangoni kinaanguka kwa mwenye nyumba. Huyo ni Mzee Hezekiah, amefiwa na mke, ana redio inayolia tangu asubuhi.

Kitu cha kwanza Moffat alichofungua si kitanda, wala si sufuria. Ni mitambo yake ya redio. Ana leseni ya kuzungumza hewani na wapenzi wengine wa redio kwa kugonga, ti-ti-taa, ti-taa. Kule kota alianza na Othmani, fundi mwenzake, tuliyepakana naye ukuta miaka kumi na mmoja. Walitoboa ukuta wakapitisha waya, wakawa wanagongeana usiku kucha watu ambao wangeweza kuitana kwa mdomo. Othmani alipostaafu akarudi kwao Lamu, miaka miwili iliyopita, wakahamia hewani, kila siku saa kumi na moja jioni. Mimi katika lugha yao najua neno moja tu, ti-ti-ti-ti ti-ti. Hicho ni kicheko. Nimekisikia hata ndotoni.

Jumamosi, 19 Machi

Moffat amekwenda kumwomba Mzee Hezekiah ruhusa ya kufunga waya wa mita ishirini kutoka paa letu hadi kwenye mti wake wa mukima ulio nyuma ya nyumba yake, maana bila antena redio ni sanduku tu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Waya juu ya mabati yangu, hapana. Weka nguzo fupi. Ikipita paa, mimi nakata na panga."

Moffat amerudi akanisimulia. Nimemwambia mzee yule ana roho ya kutu. Lakini ukweli niuandike, maana daftari halina masikio: nilifurahi kidogo. Nilisema sasa saa kumi na moja nitakunywa chai na mume wangu.

Jumanne, 22 Machi

Mvua imeanza. Kuku wamelowa, kuni zimelowa, mimi nimelowa.

Ijumaa, 25 Machi

Imekuja barua kutoka Lamu. Si ya Othmani, ni ya mkewe Saumu, na ameiandika kwa Moffat. Naiandika hapa:

"Kaka Moffat, salamu nyingi. Naandika mimi Saumu kwa kuwa mwenzangu hataki kushika kalamu. Mwezi wa Januari alipasuliwa koo huko Mombasa, na wewe hewani alikuficha. Uvimbe umetolewa na madaktari wasema amepona, lakini sauti hana tena wala hatakuwa nayo. Walimpa kibao cha kuandikia, amekivunja. Wageni wakija kumtazama, anaugeukia ukuta. Chakula hali mpaka nimlazimishe. Kitu kimoja tu kinamtoa kitandani. Ikifika saa kumi na moja huenda kwenye mashine yake akakuita wewe. Usipojibu, hurudi kulala. Kila siku naona anarudi polepole zaidi. Kaka, nakuomba umjibu. Wasalimie wote nyumbani."

Othmani bila sauti! Mtu aliyekuwa akianza hadithi kwetu anaimalizia kwao, kupitia ukuta, huku anavua viatu! Nililia nikiwa nimesimama na mwiko mkononi.

Kisha nikasoma tena ule mstari wa mwisho. Wasalimie wote. Miaka kumi na mmoja tulikopeshana chumvi, tukasukana nywele, akanizalisha mwanangu Murugi mvua ikiwa imekata njia ya hospitali, na leo mimi ni "wote". Najua kwa nini. Siku wanaondoka, mizigo iko kwenye lori, nilisema mbele ya watu, "Nendeni, nendeni, nirudishiwe mume wangu!" Nilikuwa natania. Wengine walicheka. Saumu hakucheka, alipanda lori bila kuniaga. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulimvunja mtu.

Moffat aliikunja barua akaiweka chini ya redio. "Mama Murugi," akasema, "pale hewani hakuna mtu anajua kama uko na sauti ama hauna. Kila mtu anaongea na kidole. Pale ndiyo Othmani bado ni Othmani."

Alichomeka kipande cha waya nyuma ya redio, akakipitisha dirishani. Saa kumi na moja tulimsikia. Yuko wazi kabisa kama yuko jikoni. Anaita. Ananyamaza kidogo, anasubiri. Anaita tena. Kusikia hakuhitaji antena kubwa, Moffat ameniambia. Kusikiwa ndiko kunahitaji.

Jumatatu, 28 Machi

Tumempelekea telegramu: NAKUSIKIA LAKINI SINA ANTENA VUMILIA MOFFAT.

Jumanne, 29 Machi

Telegramu imefika. Othmani leo hakuita tu, aligonga maneno, na Moffat akayaandika kwenye karatasi ya kufungia sukari: "Telegramu nimepata. Karatasi inaweza kuandikwa na yeyote. Mkono wako sijausikia."

Niliuliza maana yake. Moffat ananiambia kila mgongaji ana mkono wake, kama mwendo wa mtu unavyojulikana gizani. Othmani anamjua yeye kwa jinsi anavyovuta ile taa ya mwisho, yaani ule mlio mrefu. Karatasi haina mkono.

Jumamosi, 2 Aprili

Kaka yangu Kingori amefika na lori la viazi kutoka Mweiga. Ametuletea mwanzi mnene kama mguu wa mtoto, ameukata mwenyewe juzi ukingoni mwa msitu kumfurahisha shemeji yake. Sisi watu wa huku mtu akikwambia nguzo, unawaza mwanzi.

Moffat amenieleza hesabu yake. Waya wa kusimama ulitakiwa uwe na urefu wa mita kumi. Nguzo ya Mzee Hezekiah isizidi tatu. Kwa hiyo waya uliobaki unazungushwa, mzunguko juu ya mzunguko, kwenye mwanzi, na redio inadanganyika kwamba ni mrefu.

"Ni marinda," nilimwambia.

"Marinda?"

"Sketi ya mtoto. Unachukua kitambaa kirefu, unakikunja kunja mpaka kinatosha kiuno kidogo. Lakini fundi yeyote atakwambia, marinda yanakula kitambaa. Kile kiko ndani ya mkunjo hakionekani na mtu."

Alicheka. "Itakula kidogo tu," akasema.

Ameketi barazani siku nzima anazungusha waya mwembamba wa simu, mizunguko imebanana kama uzi kwenye kibiringo. Vidole vimemtoka damu. Ameshona vizuri kuliko wanafunzi wangu wote.

Jumatano, 6 Aprili

Nguzo imesimama. Moffat ana mita yenye mshale. Mshale unaonyesha nguvu kiasi gani inakataliwa na antena na kurudi nyuma. Leo mshale umelala kabisa kwenye sifuri. Aliniita nije nione. "Angalia! Hakuna kitu inarudi. Yote imeenda!" Nilimpikia mayai mawili.

Saa kumi na moja Othmani aliita. Moffat alijibu. Othmani akaita tena kana kwamba hakuna mtu. Moffat akajibu. Othmani akaita. Wamekwenda hivyo nusu saa, mmoja anagonga mlango na mwingine anajibu kutoka ndani na sauti haitoki.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka.

Tumetoka kanisani na matope hadi magotini. Jioni Othmani, yeye Mwislamu, aligonga: "Pasaka njema kwenu." Akasubiri. Moffat alimjibu mara tisa. Kisha Othmani akagonga, "Haya," akazima.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua. Mshale kwenye sifuri. Lamu hawatusikii.

Jumanne, 19 Aprili

Othmani sasa anasema bila kungoja jibu. Moffat anayaandika yote, na kuta zetu zimejaa karatasi za sukari. "Leo nimekunywa uji." "Leo watoto wa jirani wamecheza nami wakadhani nimenuna." "Nilitaka kumwita Saumu nikapiga meza, akashtuka, akalia." Moffat anasoma, anavua miwani, anaifuta, anavaa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Huu umeniingia mabegani. Nimeona aibu ya ile chai niliyoitamani.

Alhamisi, 28 Aprili

Leo ameita mara tatu tu. Jana zilikuwa tano. Wiki iliyopita nilikuwa sihesabu.

Barua nazo hazipiti. Wamesema Posta mto Tana umemeza barabara.

Jumanne, 3 Mei

Leo tumegombana, na ni kuku aliyetugombanisha.

Jioni manyunyu yalikuwa yanaanguka, baridi ya kukata masikio. Moffat amemaliza kugonga, amezima. Nilitoka kuwafungia kuku, mmoja hayuko. Nikamkuta yule mweupe amejiegemeza kwenye nguzo ya Moffat, pale chini penye mizunguko ya waya, macho amefumba, anastarehe. Nikamtoa. Tumbo lake lilikuwa na joto. Nikaweka kiganja kwenye mwanzi.

Ulikuwa moto kama kitambaa kilichofunikia chapati! Na kwenye mizunguko mvuke unatoka.

Nilimwita. "Baba Murugi! Kuja uguse!"

Aligusa. Akauvuta mkono.

"Hii nguvu yako haiendi Lamu," nikamwambia. "Iko hapa inachemsha maji ya mwanzi!"

"Mshale iko sifuri," akasema. "Hakuna inarudi."

"Hairudi. Na nani amekwambia imefika?" Hapo sauti ilinipanda, nasema kweli. "Wewe umekaa Posta na Simu miaka thelathini! Barua ikikosa kurudi, maana yake imefika? Si inaweza kuwa imeungua njiani?"

Alinitazama kama nimempiga kofi. Alisema mimi nifuate cherehani yangu. Nami nikasema maneno ambayo sitayaandika. Chakula tumekula kila mtu upande wake.

Lakini nilipolala nilikumbuka jambo na nikajilaumu mwenyewe. Mwanzi wa kujengea hukatwa kiangazi. Mama yangu hakuona mlango wa darasa na hilo alilijua. Uliokatwa mvuani ni maji yaliyosimama. Kingori anajua, mimi najua, na mwezi mzima tumeutazama mwanzi mbichi tukasema mambo ya redio ni ya wenye elimu. Tulikuwa wajinga watatu, mmoja ana leseni.

Jumatano, 4 Mei

Moffat ametoka asubuhi, akasimama mbele ya nguzo muda mrefu na kikombe cha chai. Aliporudi akasema, bila kunitazama, "Mama Murugi, marinda yamekula kitambaa." Hiyo ndiyo samahani yake. Nimeipokea.

Amenieleza vizuri. Mshale ulikuwa unalala kwa sababu mwanzi ulimeza kila kitu, hakukubaki cha kurudi. Sasa anataka waya mnene wa shaba, mizunguko isigusane, na katikati yake pasiwe na kitu, hewa tupu. Lakini waya utajishikaje hewani bila kitu cha kuushika, na kitu hicho kisinywe maji?

Ijumaa, 6 Mei

Jibu nimelipata nikiwa nasukwa nywele sokoni. Msusi alikuwa amechomeka kitana kwenye nywele zangu, kile kirefu cha afro cha plastiki ambacho vijana wanachomeka mfukoni. Nikamwambia, "Toa." Nikakishika. Meno yote yamepishana sawasawa. Nimenunua vinne, vyekundu viwili, vyeusi viwili, nikarudi nyumbani nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Wanawake wa Ruring'u wamepata la kusema.

Moffat alizungusha waya mnene kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akauchomoa mkebe. Nami nikaupanga waya kwenye meno ya vitana, mzunguko mmoja jino moja, nafasi jino moja, vitana vinne pande nne, nikavifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Ndani ni hewa tupu. Niliutikisa, haukutoka. Kushona nimeshona miaka ishirini na tano, lakini vazi zuri kama lile sijawahi kulitoa.

Ataupandisha katikati ya nguzo ya mbao kavu, si chini tena.

Jumanne, 10 Mei

Siku ya ajabu. Naandika mkono bado unacheka.

Tulisimamisha nguzo mpya saa tisa, mvua ikiwa imepumzika. Moffat akawasha, akagonga kidogo, na mshale uliruka! Ulitoka sifuri ukasimama katikati ya mita. Moffat alikaa chini kama mtu aliyefiwa. "Imeharibika," akasema. "Nusu inarudi. Heri ile ya mwanzi." Akasimama akachukua bisibisi, eti arudishe mwanzi!

Nilisimama mlangoni nikamzuia. "Mshale ulikudanganya mwezi mzima ukiwa chini. Leo ukiwa juu unauamini?"

"Sasa niamini nini, mama? Nitajuaje?"

Nikamsogezea kiti. Alikaa tena, akawa anasogeza waya jino moja la kitana, anagonga, anasogeza jino lingine, anagonga. Mshale ukawa unashuka kidogo kidogo. Saa kumi na moja ikafika. Othmani hakuita. Moffat akaanza kumwita yeye.

Hapo tukasikia mlango wa Mzee Hezekiah ukifunguka kwa kishindo. Alikuja mbio na viatu havijafungwa, redio yake kwapani.

"Moffat! Nini hii iko ndani ya redio yangu? Ati ti-ti-ti, ti-ti-ti! Nimekosa majina yote ya salamu!"

Moffat alisimama polepole. "Mzee, na zile siku zingine, tangu Aprili. Ulikuwa unasikia kitu?"

"Sikusikia kitu! Ulikuwa umekaa vizuri kama watu!"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo! Leo ndiyo umeniingilia nyumbani kama mwizi!"

Moffat alimkumbatia. Mzee wa watu, na redio yake kwapani, amekumbatiwa. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwezi mzima nguvu yetu haikuweza kuvuka ua wa hatua kumi, na leo imevunja mlango wa jirani! Mzee hakuelewa, akadhani tunamcheka yeye. Aliondoka amekasirika kweli.

Jumatano, 11 Mei

Nimempelekea Mzee Hezekiah uji na kumwomba radhi. Alinikaribisha ndani, mara ya kwanza. Mezani kuna rundo la kadi za salamu, zile za kupeleka kwa redio ili usomewe jina na watu wako. Kila wiki anapeleka moja.

"Tangu mama wa watoto wangu akufe," akasema, "mimi natuma. Walisoma jina langu mara moja, mwaka wa sabini na tano. Nilikuwa nimetoka nje kufunga ng'ombe. Niliambiwa na watu." Akacheka bila furaha. "Ndiyo sasa sitoki. Saa kumi na moja niko hapa."

Nilimweleza habari ya Othmani yote, koo, kibao, jinsi anavyoita. Aliweka bakuli chini.

"Anaitana, na Moffat anasikia, na hawezi kujibu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hiyo ni mbaya." Akazisukuma kadi zake kando. "Hiyo ni mbaya kushinda yangu."

Akanieleza na habari ya waya. Alipokuwa kijana kule Mweiga radi ilipiga seng'enge na ng'ombe wanne wa baba yake waliokuwa wameiegemea wakaanguka pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwachunga. Na mimi nilisema ana roho ya kutu! Nimerudi nyumbani nimejiona mdogo.

Kabla sijatoka alisema, "Mwambie Moffat, kutoka leo saa kumi na moja mimi nazima. Na kama iko kitu inataka kuzikwa chini, azike. Chini ya udongo sina maneno."

Jumamosi, 14 Mei

Kumbe kuna cha kuzika. Moffat anasema antena fupi inataka kusimama juu ya kitu, la sivyo udongo unakula kile mwanzi ulichobakiza. Inataka shaba nyingi chini, au wavu. Wavu hatuna, isipokuwa ule wa kibanda changu cha kuku.

Nimeubomoa mwenyewe. Mzee Hezekiah alichimba katikati ya bustani yake ya nduma, na mvua inampiga mgongoni, tukaulaza wavu chini ukavuka ua wote. Kuku sasa wanatembea kama wenye shamba na sukuma yangu wameimaliza.

Lakini Othmani hajaita tangu tarehe tisa. Tumepata mdomo, na sikio limeondoka.

Jumatatu, 16 Mei

Moffat ameita nusu saa. Kimya. Leo nimemwona akimaliza kugonga akabaki ameweka kidole pale pale. Amezeeka msimu huu.

Jumanne, 17 Mei

Nimekwenda Posta peke yangu, sijamwambia. Nilisimama na fomu ya telegramu mpaka karani akaniuliza kama najua kuandika. Niliandika: SAUMU WASHA REDIO KILA SAA KUMI NA MOJA HATA AKILALA. NENO LANGU LA LORINI LILIKUWA BAYA. NISAMEHE. WARIGIA.

Karani alihesabu maneno, akauliza kama apunguze. Nikamwambia asiguse hata moja.

Ijumaa, 20 Mei

Kimya.

Jumapili, 22 Mei

Nataka kuandika hii polepole.

Mvua ilikuwa inapiga mabati hata Moffat akavaa vile visikio vyake na kufumba macho. Mzee Hezekiah alikuja, sasa huja kila siku, redio ameizima, anakaa karibu na mlango kama mtu aliye kanisani. Saa kumi na moja kamili Moffat akaanza kumwita. Akaita. Akasikiliza. Akaita. Mimi nilikuwa nachambua mchele na hakuna mchele nilioona.

Ikapita robo saa. Kisha Moffat aliinua mkono, akachomoa visikio ili sauti itoke nje tusikie sote. Kulikuwa na mlio mmoja mmoja, wa kuparaza, hauna mpangilio. Ti. Kimya. Taa. Ti.

"Huyo si Othmani," Moffat alisema. "Ni mtu hajui kugonga."

Nami nikajua. Nilijua kama ninavyojua mwendo wa mwanangu. Nani mwingine amekaa nyuma ya ukuta ule ule miaka kumi na mmoja akisikia mkono wa Moffat bila kuelewa neno? Kama mimi nakijua kicheko cha mumewe, yeye anaujua mkono wa mume wangu. "Ni Saumu!" nilipiga kelele. "Amekusikia! Endelea, usinyamaze, endelea!"

Moffat aligonga jina la Othmani, pole pole, akiivuta ile taa ya mwisho. Tena. Tena. Ule mlio wa kuparaza ukakoma. Kimya kikawa kirefu hata Mzee Hezekiah akavua kofia.

Kisha ukaja mkono mwingine, mwepesi, unaokimbia. Moffat alikuwa anaandika na machozi yanadondokea karatasi. Alituonyesha: "Moffat. Ni wewe. Ile taa ni yako. Ulikuwa wapi."

Moffat alimwambia yote. Aligonga mwanzi, akagonga kuku aliyekuwa akiota moto wa Lamu, akagonga vitana vinne na kichwa cha mke wake kilichosukwa nusu, akagonga mwenye nyumba aliyekuja mbio na redio kwapani. Aligonga mpaka jasho likamtoka. Akaacha.

Mvua ikatulia kidogo. Na kutoka Lamu, bila koo, bila pumzi, ikaja:

Ti-ti-ti-ti ti-ti. Ti-ti-ti-ti ti-ti. Ti-ti-ti-ti ti-ti.

"Anasema nini?" Mzee Hezekiah aliuliza.

"Anacheka," nikamwambia. Ndilo neno pekee ninalolijua.

Kicheko kilipoisha, Othmani aligonga kitu kifupi. Moffat alikiandika, akakisoma kimoyomoyo, kisha badala ya kukisoma kwa sauti akanisogezea karatasi mimi.

"Saumu yuko hapa. Anasema mwambie Warigia, na yeye leo amerudishiwa mume wake."